Msaada: mwizi wangu na vikaragosi vya magunzi

Kijana wa Uyole
Habari za jioni wadau. Naandika hadithi ya kubuni na nimekwama. Mwizi wangu anaitwa Asangwile. Usiku mmoja wa Juni, baridi ya Uyole ile inayouma hadi masikioni, anapanda dari ya jiko la bibi mmoja na kushusha kiroba akidhani ni mahindi ya mbegu. Akifika chumbani kwake anasikia sauti ndani: "Kaka, fungua, tunabanana." Ni vikaragosi kumi na viwili vya magunzi, urefu wa kidole cha kati, nywele za ndevu za mahindi, nguo za maganda. Vina uhai.

Dada yangu alikuwa akitengeneza vya namna hiyo tukilinda shamba. Alivifunga kwa nyuzi za mgomba, na kila kimoja alikipa jina. Ndiyo maana sitaki viwe vya kuchekesha watoto tu.

Swali: kwa nini Asangwile asivitupe jalalani? Na vinaogopa nini? Jini na mchawi siwataki.

Mama wa Tukuyu
Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe. Darini kwa bibi kuna moshi! Mahindi ya mbegu tunayatundika juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Ukivihamisha vikaragosi, dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi na kuacha unga, anaingia. Basi mwizi itambidi awashe kuni kila jioni, na anayeishi kwa kujificha hawezi kuficha moshi. Majirani wataulizana: huyu kapera hapiki siku zote, leo moshi wa nini?

Mkulima wa Ismani
Mama amenena. Dumuzi nimepambana naye miaka mingi; wengine humwita Skania. Hapa nchini alianza kujulikana huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 tu, lakini kwa mtu wa kimo cha kidole huyo ni sawa na panya mdogo kwetu.

Usianze na mdudu, anza na unga. Asubuhi Asangwile akute unga laini chini ya kikaragosi kimoja, nacho kimenyamaza. Mimi nikiuona unga ule chini ya kihenge, moyo hunishtuka hadi leo.

Msomaji wa Njombe
Langu ni la lugha. Umeandika "vina uhai", "kila kimoja". Tafadhali usibadilishe mapema. Mwanzoni Asangwile aseme "hiki kimevunjika", kama mtu anayehesabu mali. Siku atakaposema "huyu ameumia", tutajua kilichompata bila kuelezwa.

Kijana wa Uyole
Shikamoo mama, na asanteni sana wote. Nilikuwa nahangaika na mapanga na mbio za polisi, kumbe hadithi ilikuwa imelala jikoni. Nimeandika sasa hivi, nipeni maoni:

"Asangwile aliupangusa unga kwa kidole, akaunusa. Jana yake alikuwa amevipanga dirishani, akikadiria kila kimoja kitauzwa bei gani sokoni Mwanjelwa. Akapiga magoti.
'Nani kati yenu ametobolewa?'
Hakuna aliyejibu. Yule mdogo kuliko wote alijifunika ganda hadi kichwani.
Chumbani hapakuwa na hata kijiti cha kuni. Asangwile akatoka gizani, akaenda kwa jirani ambaye wiki iliyopita alimwibia kuku wawili, akasimama mlangoni. Akapiga hodi."