Tupeane uzoefu: "haifai" zetu (hi-fi, mitambo ya muziki yenye sauti safi) zimetugharimu kiasi gani, na tumesikia nini?

Mwanzishaji, Tudor

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Mombasa. Kila tukikutana huulizana spika zipi zina sauti safi na amplifaya ipi ina nguvu, ila sijapata kumsikia mtu akitaja hadharani jumla ya fedha alizotumia na kile alichokisikia baada ya kuzitumia. Naomba leo tuseme ukweli: ulinunua nini, kwa kiasi gani, sikio lako lilipata faida gani, na ni nani nyumbani aliyeijua bei halisi. Nitaanza mimi ili asiwepo wa kuona haya.

Nilianza mwaka 2014 kwa spika za mtumba za shilingi 18,000 nilizozipata kwa muuzaji mmoja wa Mwembe Tayari, nikajiambia kwamba hapo ndipo nitakapokoma. Sikukoma. Kila nilichonunua baada ya hapo nilikiandika katika daftari la jalada gumu, na kufikia mwaka jana jumla ilikuwa shilingi 612,000. Ninachokijutia zaidi ni amplifaya. Nilikuwa na ya wati 50, nikaiuza kwa hasara nikanunua ya wati 100 kwa shilingi 130,000, nikitarajia kwamba sauti ingekuwa maradufu. Nikaketi kitini, nikafungua sauti, nikangoja. Ilikuwa sauti ileile. Baadaye nilijifunza kwamba kuziongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kuitafuta, na kwamba ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili huhitajika takriban mara kumi ya nguvu.

Daftari lilionekana siku mke wangu alipokuwa akitafuta risiti ya karo. Hakupiga kelele. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza kwa nini amplifaya nimeiandika "ukarabati wa paa". Tangu siku hiyo, kila anapoifuta vumbi husema, "Hii haifai yako, kweli haifai," na mimi sina la kujibu, kwa sababu jina tulilolipokea kwa Waingereza ndilo lililonihukumu.

Wa Nyali

Wa alaikumu salaam. Ndugu wa Tudor, wewe uliliwa na wati, mimi nililiwa na bahari. Nyumba yetu iko karibu na ufuo, na upepo unaoingia sebuleni huja na chumvi yake. Nilikuwa na spika kubwa za miaka ya themanini nilizozinunua kwa shilingi 75,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Baada ya miaka miwili besi ilianza kukwaruza. Nikaamini kwamba amplifaya imechoka, nikanunua nyingine ya shilingi 95,000. Ikakwaruza vilevile.

Siku niliyoutoa wavu wa mbele ndipo nilipopata jibu. Ule ukingo wa sponji unaoishikilia karatasi ya spika ulikuwa umeoza. Niliugusa kwa ncha ya kidole, ukanyumbuka kama halua iliyolala, na vipande vyake vikabaki vimeninata. Sponji ya aina ile huharibika yenyewe kwa umri popote duniani, na unyevu huiharakisha. Fundi aliiondoa akabandika kingo za mpira, ambazo hustahimili zaidi, kwa shilingi 4,500 kila spika. Alipomaliza alinionyesha ncha za waya nilizokuwa nimezichomeka nyuma: zilikuwa za kijani kama senti ya zamani iliyookotwa mchangani. Akazisugua, akanirudishia. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nikiitafuta kwa shilingi 95,000.

Wa Mji wa Kale

Mimi kisa changu ni kirefu kidogo, mnisamehe. Ami yangu, Mola amrehemu, aliniachia sanduku la santuri za taarab, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika za lebo ya Mzuri ya hapahapa Mombasa. Zilikuwa zimekaa chini ya kitanda chake kwa muda mrefu hata nyingine zikawa zimeshikamana na majalada. Binamu yangu aliyeko Marekani aliposikia, alinitumia mashine nzuri ya kuchezea santuri, yenye sahani nzito na mkanda wa mpira. Mashine ilikuwa ni zawadi, lakini nililipia usafiri, nikalipa ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 16, ambayo hupigwa juu ya thamani ikiwa imekwisha kujumlishwa na ushuru, hata nikajiona nalipa kodi ya kodi. Zawadi ilikuwa imenigharimu shilingi 38,000 kabla sijaifungua.

Kwa kuwa ilitengenezwa kwa umeme wa volti 120 na wetu ni wa 240, nilinunua transfoma ya kuushusha. Jioni ya kwanza nilimwalika shangazi, ambaye katika ujana wake hakukosa harusi hata moja ya mtaa huu. Nikaweka santuri ya bibi mmoja aliyekuwa akimpenda sana. Shangazi alisikiliza beti mbili, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwanamume ni nani, na mbona analalamika kwamba mumewe amemwacha?"

Nilibadilisha sindano kwa shilingi 9,000. Nilibadilisha mkanda. Yule bibi akaendelea kuwa mwanamume. Fundi wa redio ndiye aliyeniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe: mota hii hufuata nini? Ilikuwa ikifuata mapigo ya umeme, na umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde ilhali wetu hupiga mara 50. Transfoma hushusha volti, mapigo haiyagusi. Santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 ilikuwa ikizunguka mara 37 na nusu, na kila sauti ilikuwa imeshuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa mashine ile haikupatikana puli (kigurudumu cha mota) ya umeme wa huku, kwa hiyo niliiweka kabatini, nikanunua Technics SL-1200MK2 iliyotumika, ambayo kasi yake huongozwa na kipande cha kwazi (jiwe la "quartz", kama la saa) ndani yake, si na stima ya ukutani. Niliilipia shilingi 70,000, na hizo sizijutii. Shangazi alipokuja tena, bibi yake alikuwa amerudi, pamoja na mikwaruzo ya sindano za ami.

Niongeze jambo moja kwa wenye nyumba za zamani: kuta zetu nene za mawe na dari za boriti zina manufaa. Chokaa yake haiko sawasawa, boriti zimeachana kidogo, na sauti haipigi ukuta ikarudi kama mpira.

Wa Kizingo

Ndugu wa Mji wa Kale amenigusa. Mimi ninakaa ghorofani, chini vigae, mbele kioo kitupu. Nilinunua waya za spika za shilingi 48,000 kwa sababu muuzaji aliniambia kwamba zingeituliza sauti kali niliyokuwa nikiilalamikia. Kwa wiki nzima niliisikia tofauti, tena kwa yakini. Mwanangu wa kidato cha tatu akanipa mtihani: alikaa nyuma ya pazia na kubadilisha waya zile na waya za kawaida za shaba za duka la vifaa vya umeme, akirusha shilingi juu kuamua zipi afunge, nami niseme ni zipi. Kati ya mara kumi nilipatia tano. Yaani ningekuwa nimelala, ningepatia vivyo hivyo.

Kilichoituliza ile sauti ni zulia kuukuu la mama yangu, mapazia mazito, na kuzisogeza spika nusu mita kutoka ukutani. Besi iliacha kuvuma. Waya za shilingi 48,000 bado ziko pale nyuma, kwa kuwa zimekwisha kununuliwa.

Wa Bamburi

Kwa ufupi. Amplifaya ya vali (zile chupa za kioo zinazowaka kama taa), shilingi 210,000. Sauti yake ni tamu, sitasema uongo. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi huwa kama kuweka jiko la makaa sebuleni. Nikiwasha kiyoyozi nasikia kiyoyozi, nikikizima natokwa jasho, na tokeni za stima huyeyuka pande zote mbili. Huiwasha wakati wa kipupwe tu.

Dada wa Likoni

Nashukuru kwa kisa cha daftari, ingawa mimi ndiye mwenye daftari nyumbani kwetu na mume wangu ndiye afutaye vumbi. Nilijibana miezi kumi na minne nikanunua amplifaya ya shilingi 85,000, nikaivusha feri nikiwa nimeikumbatia mapajani kama mtoto wa arubaini. Usiku mmoja wa masika stima ilipotea mara tatu, na iliporudi mara ya tatu ilirudi kwa nguvu, taa zikawaka nyeupe kupita kiasi, nikasikia "tap" kutoka kabatini na harufu ya kuungua ikafuata. Friji haikudhurika. Friji ilikuwa na kinga yake ya shilingi 1,800, ambayo niliinunua mwenyewe, nikaichomeka mwenyewe, kwa ajili ya samaki. Fundi alitaka shilingi 22,000 ili kuifufua amplifaya.

Mwanzishaji, Tudor

Jana nilizisogeza spika kama alivyoshauri ndugu wa Kizingo. Mke wangu ndiye aliyeshika futi, na baada ya kusikiliza alikiri kwamba sasa maneno ya mwimbaji yanasikika, kisha akauliza kusogeza kumegharimu pesa ngapi. Nikamwambia ni bure, naye akanitaka niliandike daftarini. Ndugu wa Nyali, tafadhali nielekeze alipo fundi huyo wa kingo za mpira. Dada wa Likoni, pole sana. Je, ile kinga ya friji yaweza kutumika kwa amplifaya?

Dada wa Likoni

Nimekwisha poa. Tafuta ile ya televisheni. Ya friji hukungojesha dakika kadhaa kila stima irudipo, na bibi yako atadhani mashine imekufa, afurahi bure.