Damu ya kundi moja na mgonjwa imekataliwa maabara: ni kitu gani kinachokataa?

Mama Mdogo, Nyamagana

Ndugu wanajukwaa, ninamuuguza mpwa wangu wa miaka tisa mwenye selimundu, ambaye ameshaongezewa damu mara nyingi tangu akiwa mdogo. Juzi damu yake ilishuka sana na daktari akaagiza aongezewe chupa moja. Kadi yake ya kliniki inaonyesha wazi kuwa ni kundi B chanya, na baba yake mdogo, ambaye naye ni B chanya, alikwishamchangia. Pamoja na hayo, maabara ilichukua sampuli mpya kwa mtoto, ikatuweka saa kadhaa, kisha ikatueleza kwamba chupa mbili, mojawapo ikiwa ya baba yake mdogo, hazikuoana naye na kwamba wanajaribu ya tatu. Katika familia wapo wanaoamini kuwa tunazungushwa ili tutoe chochote, na wapo wanaosema kadi iliandikwa vibaya. Naomba anayezifahamu shughuli za maabara atueleze: ikiwa kundi ni lile lile, ni kitu gani kinachokataa?

Mchangia Damu

Pole sana kwa kuuguza. Kwa ninavyofahamu, damu ya O hasi anaweza kuipokea kila mtu. Ombeni wampe hiyo ili mtoto asiendelee kusubiri.

Mteknolojia wa Maabara

Pole, dada. Kazi yangu ni ya benki ya damu hospitalini, na chupa kukataliwa kwa mtoto wa selimundu si jambo geni kwetu. Mara nyingi ni ishara kwamba aliyeko maabara ameifanya kazi yake ipasavyo.

Makundi ya A, B na O, ambayo Karl Landsteiner aliyatangaza mwaka 1901, pamoja na ile chanya na hasi ya Rh (yaani kuwa na alama ya D au kutokuwa nayo), ni baadhi tu ya alama zilizo juu ya seli nyekundu. Zipo nyingine nyingi, kama vile Kell, Kidd na Duffy, na hata C na E zilizomo katika mfumo huo huo wa Rh, ambazo haziandikwi kwenye kadi kwa kuwa watu walio wengi hawana kingamwili, yaani walinzi wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni, za kuzipinga. Kingamwili za kupinga A au B mtu huwa nazo tangu utotoni bila kuongezewa damu, lakini hizi nyingine kwa kawaida hujitokeza baada ya mwili kukutana na seli za mtu mwingine, ama kwa kuongezewa damu ama kwa ujauzito. Mpwa wako ameshakutana na seli za watu wengi, hivyo inawezekana kabisa kwamba mwili wake umejifunza kuitambua alama fulani na kuishambulia, na chupa zote mbili zikawa na alama hiyo. Undugu wa baba yake mdogo hauondoi tatizo hilo, kwa sababu alama za mtoto zimetoka kwa baba na kwa mama pia.

Nieleze kinachofanyika katika saa zile mnazosubiri nje. Kundi hupimwa upya hata kama kadi ipo: seli za mgonjwa huwekewa tone la anti-A, yaani kimiminika chenye kingamwili za kupinga alama ya A, ambalo kwa kawaida lina rangi ya bluu, la anti-B lenye rangi ya njano, na la anti-D, kisha tunaangalia ni wapi zinashikamana. Baada ya hapo tunapima kwa upande wa pili, yaani plazma yake (sehemu ya majimaji ya damu) dhidi ya seli za A na za B tunazozijua, na majibu ya pande zote mbili yasipokubaliana hatuendelei mbele. Ndipo kinafuata kipimo cha ulinganifu, ambacho wengi wetu hukiita krosimachi. Matone mawili ya plazma ya mgonjwa huchanganywa na tone moja la seli za chupa husika, mchanganyiko huzungushwa kwenye mashine, na mrija hutikiswa polepole mbele ya mwanga. Seli zikiinuka kutoka kitakoni na kutawanyika kama moshi laini, hatua hiyo imepita. Zikiinuka kwa mabonge, chupa hiyo haitoki.

Hata hivyo, kingamwili nyingi zinazotokana na kuongezewa damu hazishikamanishi seli zenyewe kwa zenyewe. Hujibandika tu kimya kimya. Kwa sababu hiyo mrija hukaa kwenye joto la nyuzi 37, mara nyingi kwa dakika 30 au zaidi, seli huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu au zaidi, kisha huongezwa kimiminika cha Coombs, kilichoelezwa mwaka 1945 na Coombs, Mourant na Race wa Uingereza, ambacho huzikamata kingamwili zilizojibandika na kuzionyesha. Anayeruka hatua hii kwa kuwa ndugu wa mgonjwa wamekasirika mlangoni anaweza kutoa chupa ambayo seli zake zitavunjwa ndani ya mwili wa mtoto.

Sampuli mpya nayo ilikuwa ya lazima. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita anaweza kuwa ametengeneza kingamwili mpya, kwa hiyo sampuli yake haipaswi kuzidi siku tatu.

Ndugu aliyetangulia, O hasi haina A, B wala D, na ndiyo maana hutumika katika dharura ambayo muda wa kupima haupo. Hata hivyo, inaweza kuwa na Kell, Kidd au Duffy sawa na damu nyingine yoyote, hivyo kwa mtoto huyu nayo ingepaswa kupimwa.

Mama Mdogo, Nyamagana

Nashukuru sana, kaka. Laiti mtu mmoja angetueleza hivi pale dirishani. Chupa ya tatu imekubali na mtoto anaongezewa sasa. Je, kuna jambo la kuangalia?

Muuguzi, Wodi ya Watoto

Dakika 15 za mwanzo muuguzi awe karibu. Mtoto akilalamika baridi, kiuno, kifua au kuwashwa, mwiteni mara moja ili aifunge damu. Chupa isipashwe kwa maji ya moto, isichanganywe na dawa wala maji ya sukari, na iwe imekwisha ndani ya saa nne.

Kwa watoto wa selimundu hatari haiishi siku hiyo. Kingamwili za Kidd, kwa mfano, zinaweza kupungua hadi zisionekane kwenye kipimo, kisha zikaamka baada ya seli mpya kuingia. Katika wiki mbili zijazo, mkiona mkojo mweusi kama kola, macho ya njano, au maumivu mnayoyadhani ni yale ya kawaida, mrudisheni hospitali na mtamke wazi kwamba aliongezewa damu tarehe fulani, kwa maana bila taarifa hiyo daktari anaweza kuagiza chupa nyingine na kuzidisha madhara.

Kabla hamjaruhusiwa, mwombeni daktari aandike kwenye kadi kwamba chupa mbili hazikuoana, na kama kingamwili ilitambuliwa, jina lake liandikwe pia. Kadi hiyo isafiri na mtoto kila aendako, hata likizo kwa bibi.