Digrii bila kazi: hasara ibaki kwa mzazi peke yake?

Mleta mada, Arua: Ndugu zangu, mzazi anauza ng'ombe na kipande cha shamba ili mtoto akasome Kampala. Baada ya miaka mitatu mtoto anarudi na picha ya joho na bahasha ya vyeti. Kazi hakuna. Chuo kilishapokea ada yake yote, hakidaiwi na mtu. Tangu Makerere ifungulie milango wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ada za wazazi ndizo zinazoendesha vyuo vingi, kwa hiyo kusajili kunalipa hata kama kozi haiajiri.

Nasema mhitimu alindwe. Sitaki posho ya serikali, hiyo itaishia mifukoni mwa wakubwa. Nataka aliyesoma kwa mkopo wa serikali alindwe kwenye deni. Chini ya sheria ya Uganda ya mikopo ya elimu ya juu ya 2014, mkopaji anatakiwa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Mwaka mmoja! Huo unakwisha akizungusha bahasha maofisini. Deni lisubiri mshahara, kisha likatwe kidogo kidogo. Na chuo kitangaze kabla ya kupokea ada: waliosoma kozi hii juzi wanafanya nini leo?

Fundi, Katwe: Mimi nachomelea mageti. Geti likikosa mnunuzi, nani ananilinda?

Mwalimu, Mbarara: Hiyo ya kutangaza inanitisha, maana masomo ya sanaa tayari yanadharauliwa. Mwaka 2022 walimu wa sanaa waligoma baada ya wenzao wa sayansi wenye digrii kuahidiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwaka huohuo baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Walimu wako wapi? Kama vyuo vingefuata hiyo orodha yako ya nani kapata kazi, kozi ya Kiswahili ingefungwa zamani.

Mleta mada: Mwalimu, hapo umenibana. Basi chuo kitangaze tu, kisifungiwe kozi; mzazi aamue akijua. Fundi, wewe geti lako mteja analishika na kulitikisa kabla hajatoa hela. Chuo kinauza kwa bango la vijana wenye suti wanaocheka, na bado kinataka kilipwe mwanzo wa muhula.

Fundi, Katwe: Sawa. Deni likisubiri, mfuko wa kumkopesha mdogo wa huyo mhitimu utajazwa na nani? Kodi yangu?

Mleta mada: Waliopata kazi wakatwe zaidi. Najua mtanipinga, karibuni.