Mnemba, Changuu na Nakupenda, au Fumba: siku moja baharini na familia, wapi panafaa?

MgeniWaDom
Wakuu, habarini za jioni. Mwezi wa saba, tukijaaliwa, tunakwenda Unguja: mimi, mke wangu, watoto wawili (mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la kwanza) na mama yangu mzazi, mwenye shida ya magoti na hajawahi kupanda chombo kidogo. Tutafikia Mjini, upande wa Shangani. Tumetenga siku moja ya kushinda baharini: boti, kuogelea, kutazama samaki kwa miwani na mrija, kula huko huko, watoto wacheze mchangani.

Nimebaki na njia tatu. Mnemba, ambako kila mtu ananiambia ndiko kwenye samaki. Changuu kuona kobe, kisha fungu la mchanga la Nakupenda. Au Fumba, kushinda Ghuba ya Menai kwa mashua ya tanga. Bei nimeulizia, na ukigawa kwa kichwa tofauti si ya kunitisha. Shida yangu ni kwamba sisi watano tunataka vitu vitano. Mke wangu anataka matumbawe. Mama anataka kivuli na chakula cha moto. Watoto wanataka kila kitu kwa wakati mmoja. Mlio na uzoefu nisaidieni.

Msafiri_Bara
Mnemba, bila kupepesa macho. Maji yake ni ya buluu mpaka unahisi boti inaelea hewani, na samaki wanakuja wenyewe. Hizo nyingine mtaziona siku nyingine.

NahodhaMatemwe
Ndugu mgeni, karibu sana kwetu. Mimi nimekulia Matemwe na riziki yangu ni chombo, kwa hiyo ukija Mnemba mimi ndiye nitakayefaidika. Lakini kwa mama mwenye magoti, tena mwezi wa saba, nakushauri umwache nje ya safari hiyo.

Nikueleze kwa nini. Kwanza, kisiwa chenyewe cha Mnemba kina hoteli ya binafsi na wageni wa siku hawashuki. Mnazunguka mwambani kwa boti, mnaogelea, mnarudi kwenye boti. Hakuna ufukwe wa watoto kuchimba mchanga wala mti wa mama kukaa chini yake. Chakula huliwa juu ya chombo au mkisharudi pwani.

Pili, mwezi wa saba ni kusi. Upepo unapiga kutoka kusini mashariki, na sisi tuko upande wa mashariki. Ndani ya mwamba huwa hakuna neno, ila mkitoka kwenye mlango wa bahari chombo kinapanda na kushuka, na mgeni wa bahari anachafukwa kabla hata hajavaa miwani.

Tatu, na hili ndilo wauzaji wa safari hawasemi: maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi. Pwani ya Matemwe inakuwa uwanda mtupu. Boti inasubiri mbali, nanyi mnatembea juu ya mawe, majani ya bahari na madimbwi, humo mna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu. Kijana anaona ni mchezo. Mzee hawezi.

Kwa hiyo kabla hujachagua kisiwa, niambie tarehe. Si ya Kizungu, ya mwezi.

Matumbawe_Kwanza
Msafiri_Bara hajakosea kuhusu samaki wa Mnemba. Eneo lile liko chini ya hifadhi tangu 2002, na upande uliokingwa na upepo mwamba bado unapendeza. Lakini asubuhi za msimu wa wageni boti zinapangana kama daladala kituoni, na wapo wanaosimama juu ya matumbawe ili warekebishe miwani. Tumbawe ni kiumbe hai, linakua taratibu mno, na mguu mmoja unavunja kazi ya miaka mingi. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya ukanda wetu yalipauka na kufa. Yaliyopona yanahitaji tuyahurumie.

Kama mkeo ndiye mpenzi wa matumbawe, kuna njia ya nne ambayo hukuitaja: Chumbe. Kiko kusini magharibi ya Mjini na boti huondokea Mbweni. Mwamba wa upande wake wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, ni hifadhi ya bahari, na inaendeshwa na shirika binafsi. Walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa maeneo hayo hayo waliofundishwa kazi. Wanaingia majini pamoja nawe, wanakuonyesha samaki kwa jina, na mtu akielekea kukanyaga anazuiwa papo hapo. Nchi kavu pana mnara wa taa wa 1904, msikiti mdogo wa zamani, na kaa wakubwa wanaopanda minazi. Wageni wa siku ni wachache na huchukuliwa nafasi ikiwepo tu, kwa hiyo ulizia mapema. Bei iko juu kuliko hizo zako tatu. Mimi kwa matumbawe sijaona pa kulinganisha hapa Unguja.

UmmuNassra
Assalam aleikum. Mimi ni wa Fumba, niseme la kwetu.

Ghuba ya Menai ni hifadhi tangu 1997, kubwa, ina visiwa vidogo na mafungu ya mchanga. Kinachotutofautisha na Mnemba ni kwamba siku yenu nyingi inapita mchangani na si majini. Mnaondoka na mashua, mnashuka kwenye fungu, mabaharia wanatandika turubai la kivuli. Anayetaka kuogelea anaogelea, asiyetaka anakaa na dafu lake. Mchana mnahamia kisiwa cha Kwale: samaki wa kuchoma, ngisi, kamba, wali, matunda. Huko Kwale pana mbuyu mkongwe ulioanguka zamani na bado uko hai, umelala chini na kuchipua. Watoto wakiuona hawaondoki, kwa sababu ni mti wa kupanda kwa kutembea. Kurudi, upepo ukiwa mzuri, mashine inazimwa na tanga linapandishwa. Ukimya ule, unasikia maji tu ubavuni mwa chombo, mama yako ataupenda kuliko kobe wote wa Changuu.

Samaki wapo lakini si wengi kama Mnemba, na maji ya ghuba hayana weupe ule. Pomboo mkibahatika mtawaona. Kama nahodha wenu ataanza kuwafukuza au kuwaambia watu waruke juu yao, mwambieni aache. Nimeona boti zikiwazunguka mpaka wanashindwa kupumua kwa raha, na moyo unaniuma.

Kunduchi_Beach
Kama mnapita Dar, msisahau Mbudya. Boti fupi tu kutoka Kunduchi, vibanda vya makuti, samaki na chipsi, mnarudi jioni. Ni hifadhi ya serikali, kiingilio mnalipia kabla ya kuvuka. Miwani na mrija hautawapa mengi, maji mara nyingi yana ukungu. Kwa watoto na mchanga inatosha sana.

MwanaWaMvita
Salamu kutoka Mombasa. Najua mmepanga Unguja, ila kwa mwingine atakayesoma hapa: upande wetu kuna Kisite-Mpunguti. Unaingilia Shimoni, kusini kabisa ya pwani ya Kenya, na ada ya hifadhi ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kisite kwenyewe uvuvi hauruhusiwi, kwa hiyo samaki ni wengi na hawana woga. Chakula ni kisiwani Wasini, na pale kina mama wa kijiji wana njia ya mbao inayopita katikati ya mawe ya matumbawe ya kale na mikoko. Huyo mama mwenye magoti angeipita polepole akishika kamba. Mkirudi Shimoni ingieni na mapangoni, walimofungiwa watumwa. Lakini nasi kusi inatusumbua vile vile. Kuanzia Novemba hadi Machi ndiyo maji huwa safi.

MgeniWaDom
Nashukuru sana, wakuu. NahodhaMatemwe, nimeangalia kalenda ya ukutani: Jumamosi tuliyopanga inaangukia tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Hiyo ni nzuri au mbaya? Na swali la mke wangu: yeye huvaa mtandio hata akiogelea. Hiyo miwani itashika?

NahodhaMatemwe
Tarehe 16 ni bamvua lenyewe. Kwetu Matemwe siku hiyo ni ya vijana. Kwa Nakupenda ni siku njema sana, mkizipanga saa vizuri.

Nakupenda ni fungu, si kisiwa. Halina mti wala nyumba. Siku za bamvua maji yakijaa, saa kumi jioni na kuendelea, linamezwa lote. Asubuhi linaanza kuchomoza, na kufikia saa tano linakuwa pana, watoto wanakimbia mpaka wachoke. Sasa wengi huuziwa safari ya Changuu kwanza, fungu baadaye. Kwa tarehe yako geuza. Ondokeni Forodhani, pale pwani ya Mjini, saa mbili na nusu, mfike Nakupenda maji yakiwa yanatoka. Ogeleeni karibu na saa tano, maji yakiwa yametulia kabla ya kugeuka, kwa sababu katikati ya kupwa na kujaa siku za bamvua mkondo una nguvu na mtu anachukuliwa bila kujua. Kuleni pale chini ya turubai. Saa saba au saa nane ng'oeni nanga mwende Changuu. Maji yatakuwa yanajaa, ni safi, yanatoka nje ya bahari, na boti inasogea karibu na nchi kavu. Mama atashuka kwa hatua chache. Mkeo aingie mwambani pale na mtu wa chombo ubavuni mwake.

Kobe ni wa asili ya Aldabra, huko Shelisheli, wa mwanzo waliletwa zawadi mwaka 1919. Umri umeandikwa kwa rangi kwenye magamba yao, na wapo waliopita miaka mia. Msiwapande. Walisheni mchicha mnaopewa pale, na wakunwe shingoni: hunyanyuka kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo, mtoto wako mdogo ataona raha. Jengo la gereza lilijengwa 1893, baadaye kisiwa kikawa cha karantini.

UmmuNassra
Kaka nahodha amesema kweli kuhusu bamvua. Na sisi Fumba tarehe 16 ile lagoni ya mikoko ya Kwale inakauka mchana, watu hawawezi kuogelea humo, ingawa mafungu yanakuwa makubwa na mazuri. Bado nasema kwa mzee chombo chetu kikubwa ni tulivu kuliko zile boti ndogo za Forodhani. Ila siku yetu ni ndefu, mnatoka asubuhi mnarudi jioni, na mama akichoka saa sita hakuna wa kumrudisha. Changuu mko nusu saa tu kutoka Mjini. Hilo nalikubali.

Kuhusu mtandio, dada yangu asiwe na wasiwasi. Ukingo wa mpira wa miwani ukikaa juu ya kitambaa, maji yataingia, hata abane vipi. Avae kofia ya kuogelea inayobana, ishuke mpaka pale nywele zinapoanzia na isipite hapo, ili mpira ugusane na ngozi ya paji la uso pande zote. Mkanda upite juu ya kofia. Mtandio au kofia ya vazi la kuogelea aivae juu ya mkanda, mwisho kabisa. Kabla ya kuondoka ufukweni aiweke miwani usoni bila mkanda na avute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe, ndiyo yake. Ikianguka, aombe nyingine. Kioo akipake mate, asuuze kidogo kwa maji ya bahari, hakitafanya ukungu.

Msafiri_Bara
Nimesoma yote. Nilikuwa najibu kama ninayesafiri peke yangu. Kwa watano hawa, Changuu na Nakupenda.

Matumbawe_Kwanza
Mwambie mkeo mwamba wa Changuu ni wa kujifunzia, una samaki wa rangi na viti vya pweza, lakini umechoka. Kama mna asubuhi nyingine, yeye na yule mkubwa waende Chumbe, ninyi wengine mkae Forodhani. Na wote wavae fulana za mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Mgongo ndio unaoungua, na mafuta mengine yanaudhuru mwamba.

MgeniWaDom
Tumekaa kikao cha familia. Jumamosi ni Nakupenda kisha Changuu, kwa saa alizopanga nahodha. Jumatatu mama na watoto wanapumzika nami, mke wangu anakwenda Chumbe. Nimeshatuma maombi ya nafasi. Yule mkubwa ameomba abaki na bibi yake. Fumba tumeiweka kwa safari ya msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Nimebakiwa na swali moja: papasi wa Forodhani, wale wanaotafuta wageni wa safari, wananipigia simu kila mmoja na bei yake. Namjuaje wa kweli?

NahodhaMatemwe
Usilipe yote kwa simu. Mwombe akuonyeshe chombo chenyewe siku moja kabla. Angalia ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika: maji kidogo ni kawaida, yakifika kwenye vifundo muulize nani anayachota kuyamwaga na kwa nini yako mengi. Hesabu jaketi okozi, na la yule wa darasa la kwanza limvike pale pale ufukweni, ulishike mabegani na uvute juu. Likimpita kidevu ni kubwa, atateleza ndani yake akianguka. Uliza pia kama kuna mashine ya akiba, na ngazi ya kupandia, kwa sababu mama hatapanda kwa kuvutwa mikono. Anayekasirika ukiuliza hayo, mwache, nenda kwa anayefuata.