Mjadala: Xbox ina chake kizazi kijacho, au tuanze kuchimba kaburi?

Kisiki
Wakuu salaam. Juni 2025 Microsoft, wenye Xbox, walitangaza kuwa kampuni ya AMD ndiyo itawatengenezea chipu za mashine zao zijazo za gemu, kwa hiyo kwamba Xbox mpya itatoka halina ubishi. Ninachouliza ni nani atainunua. Gemu yao ya Forza Horizon 5 imeshahamia PS5 ya wapinzani wao Sony, Halo nayo imetangazwa kwenda huko 2026, na Oktoba 2025 Game Pass Ultimate, huduma yao ya kulipia mwezi ucheze gemu nyingi, ilipandishwa kutoka dola 20 hadi 30 kwa mwezi. Boksi lao mtu anunue kwa lipi? Naomba hoja, ushabiki pembeni.

Ngalawa
Hoja gani tena mkuu. Sega walitangaza kuachana na konsoli yao ya Dreamcast Januari 2001, leo wanauza gemu kwenye mashine za waliokuwa wapinzani wao na wanakula vizuri tu. Microsoft wanaelekea huko huko, aibu ndiyo inawachelewesha. Kwanza huku kwetu nani ana Xbox? Ingia banda lolote la gemu uniambie umeiona.

DadaKonsoli
Tatizo la humu ni hili. Mtu gemu amejifunzia bandani, analipia mechi moja moja, leo anaichambua Microsoft.

MzeeWaKrosi
Hapo dada umenigusa, maana banda ninalo. Xbox nimewahi kuiweka, nikaitoa, na si kwa ushamba. Mteja wangu amekua akiambiwa "X ni pasi". Kwenye pedi ya Xbox, X imekaa pale ambapo PS kuna kitufe cha mraba. Kijana anataka pasi fupi, mpira unapaa krosi. Akikaba ndiyo balaa: anagusa X, beki anajitupa na tekli, kadi nyekundu, kelele, anataka hela yake. Ufundishe upya mtaa mzima kwa faida ya nani?

Mnyalu
Hahaha, beki anajitupa! Ila wenyewe walijimaliza 2013. Walitaka Xbox One ijiripoti intaneti kila saa 24, na diski ya mkono wa pili iwe na masharti. Juni mwaka huo huo wakageuka, ila watu walishakasirika. Halafu bei: PS4 dola 399, wao 499 na kamera ya Kinect umebebeshwa. Kwa sisi tunaobadilishana diski, hiyo ilikuwa kesi.

TumboJoto
Turudi kwenye swali. Phil Spencer, aliyekuwa anaiongoza Xbox, alisema hadharani 2023 kwamba kizazi cha Xbox One ndicho kilikuwa kibaya zaidi kushindwa, kwa sababu ndipo watu walipoanza kujaza maktaba za gemu za kupakua. Mwenye gemu hamsini kwenye akaunti ya PlayStation hahami, hata umfungie boksi kwenye karatasi ya zawadi. Jibuni hilo, mabanda muyaache.

Ngalawa
Tutafika. Kwanza DadaKonsoli atuambie banda limemkosea nini.

DadaKonsoli
Sijamtukana mtu. Nalipa mara moja kwa mwezi, nacheza ninachotaka. Nyie mnampenda asiyewajua: Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, gemu ikaacha kuuzwa nchi zaidi ya 170, kwa kuwa huko PSN haipo. Tanzania tumo, Kenya wamo.

MzeeWaKrosi
Na Xbox inakujua? Akaunti yako umeiandikisha wapi?

DadaKonsoli
Afrika Kusini. Yako?

MzeeWaKrosi
Mimi mkazi wa California, tangu enzi za PS3.

Mnyalu
Jirani yangu huyo!

Kisiki
Jamani, mada.

TumboJoto
Nimalizie basi. Mlango waliobakiza ni mmoja. ROG Xbox Ally ya Oktoba 2025, mashine ya kushika mkononi, ni Windows ndani, inafungua Steam, duka la gemu za kompyuta, kama kawaida. Boksi la sebuleni likija hivyo, hawana haja ya kumng'oa mtu wa PlayStation, wanamfuata wa kompyuta ambaye maktaba yake anayo tayari. Kikwazo ni bei: ile Ally X imetoka kwa dola 999.99. Zamani konsoli iliuzwa kwa hasara, wakijua hela itarudi dukani kwao. Ukiniruhusu ninunue kwenye duka la Steam, hasara hiyo unaifidia wapi?

Ngalawa
Dola elfu! Hiyo hela naongeza kidogo nachukua bodaboda, inaniingizia.

DadaKonsoli
Ndiyo maana nasema watu wa bandani. Kila kitu kwao lazima kiingize.

MzeeWaKrosi
Dada, Jumamosi jioni njoo. Mechi tatu, sikutozi. Real Madrid na Man City marufuku.

DadaKonsoli
Nakuja na pedi yangu.

MzeeWaKrosi
Pedi ya Xbox haishiki kwenye PS5 mpaka uwe na kifaa cha kuunganishia. Utacheza na ya kwangu.

DadaKonsoli
Visingizio vimeanza mapema hivi?

Mnyalu
Naweka soda kwa dada. Akipata kadi nyekundu kabla ya dakika ya ishirini, soda mbili kwa mzee.

Kisiki
Banda lenyewe liko mtaa gani?