Tupeane uzoefu: kula ufukweni, kuanzia Coco mpaka Kunduchi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Jumapili jioni hapa Dar barabara ya Toure Drive haipitiki, watu wote wamefuata muhogo na mishikaki ya ufukwe wa Coco. Sina ugomvi na muhogo. Ila naona tunakula, tunajifuta pilipili mdomoni, tunaondoka, bila kujua tulikaa wapi. Coco iko Osterbei, na Osterbei hiyo Mwingereza aliitenga iwe makazi ya wazungu. Mwafrika aliyeonekana kule alikuwa mpishi, boi, yaya au mtu wa bustani, na usiku akilala kibanda cha uani au arudi kwao. Leo karai la muhogo linachemka hapohapo.

Mliokulia ukanda huu, Msasani, Kawe, Kunduchi, leteni mliyoyala na mliyoyasikia kwa wazee. Picha za mahotelini wekeni pembeni.

Mjukuu wa Mpishi

Mkuu umenigusa. Babu mzaa mama alipika kwa mzungu Osterbei tangu kabla ya uhuru. Alikuwa akitoka kijijini Msasani kwa miguu alfajiri, na kule alijua kuoka nyama na kupika pudini. Nyumbani hakugusa mwiko hata siku moja! Bibi ndiye alipika: wali wa nazi na mchuzi wa changu uliotiwa embe mbichi. Kitu pekee babu alichotoka nacho kwa mzungu ni chai ya saa kumi. Saa kumi kamili, kikombe na kisosi, amekaa kwenye jamvi. Bibi alikuwa anamsogezea vitumbua huku akimwambia chai isiyo na kitafunio ni maji ya moto tu.

Halafu watu wanadhani Msasani ni mtaa wa juzi. Washomvi na Wazaramo walikuwa wakivua ukanda huu tangu mji wenyewe ukiitwa Mzizima, kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar miaka ya 1860. Mwalimu naye alipenda kuishi nyumbani kwake Msasani, Ikulu akienda kazini.

Wa Kawe Damu

Sisi Kawe kwetu si samaki, ni nyama. Tanganyika Packers! Ng'ombe waliingia mlango huu, wakatoka mlango wa pili wakiwa kwenye makopo, mengine yanakwenda mpaka Uingereza. Mzee wangu alifanya kazi pale. Siku akirudi na kopo tulijua mapema, maana alikuwa analishika kwapani kama gazeti.

Lile kopo lilikuwa na ufunguo wake pembeni. Unauchomeka kwenye kile kiulimi cha bati, unazungusha taratibu, utepe wa bati unajiviringa. Ukikatika katikati umekwisha, ni kisu na vidole vyenye damu. Mama alikaanga kitunguu na nyanya nyingi, akaipondaponda nyama humo ili itutoshe wote. Ugali siku hiyo ulikuwa hautoshi.

Leo ukimtajia kijana Tanganyika Packers anakuuliza mkutano wa injili unaanza saa ngapi. Kiwanda kilikufa, jina likabaki la viwanja vya mikutano.

Mama Karanga

@Wa Kawe Damu, na kopo likishaisha lilikuwa halitupwi. Kwetu lilikuwa kipimo cha karanga. Wajanja walikuwa wanalibonyeza kitako kwa ndani, mteja anaona limejaa kumbe kiduchu.

Binti Mtongani

Nimekulia Kunduchi, mama yangu alikuwa akikaanga samaki pale yanaposhukia majahazi na ngalawa. Wanaonunua ni wachuuzi kutoka mpaka Tegeta na Mwenge, kwa hiyo samaki lazima aive akauke, afike salama kwenye ndoo. Mama hakuwa na viungo vingi: chumvi, ndimu basi. Anamchanja, anachovya mkia kwanza kwenye mafuta. Mafuta yakikaa kimya, bado. Yakipiga kelele, anamtosa mzima.

Enzi zile baruti zilikuwa zinalia baharini mchana kweupe. Mama kabla ya kununua alimkunja samaki kidogo na kumbonyeza mgongoni. Uti ukiwa umevunjika kwa ndani na nyama imelegea, anamrudisha kwenye tenga bila maneno. Muuzaji naye alikuwa anajua kwa nini.

Na pale kwetu kuna magofu, wengi mnapita mkienda hotelini hamgeuzi hata shingo. Kuna msikiti wa mawe ya matumbawe, na makaburi ya karne ya 18 na 19, mengine yana nguzo zilizopachikwa vibakuli vya Kichina kwenye chokaa. Vingi vimebanduliwa na wezi, yamebaki matundu ya duara. Vyombo vile vililetwa na biashara ya baharini, kwa hiyo hao waliolala pale hawakuwa watu wa kubahatisha mlo. Katikati kuna mibuyu. Tulikuwa tunaokota ubuyu, ila bibi alitukataza kuokota kabla ya kutoa salamu kwa wenyewe. Mpaka leo nasalimia.

Supu Kwanza

Historia safi, lakini hakuna aliyetaja pweza? Jioni, meza ndogo, taa ya chemli, kipande kwenye kijiti na kikombe cha supu yenye pilipili. Wanaume wanasema wanakunywa kwa ajili ya baridi. Dar hii, baridi gani?

Nahodha Mstaafu

Mnaopanga kwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi: kisiwa kiko ndani ya hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, hivyo kuna kiingilio, msije mkabishana na watu getini. Maji ya kunywa bebeni. Na samaki agizeni mkishuka tu, kabla ya kuogelea, mmchague wenyewe akiwa mbichi. Mkisubiri mpaka njaa ishike, mtakaa mnatazama moshi huku boti ya mwisho inapiga honi.