AC ya BTU 12,000 Dodoma: fundi anataka aongeze gesi kila mwaka, nikubali?

Zabibu_Nzuguni:
Wakuu habari za majukumu. Nina AC ya ukutani, BTU 12,000, inveta (kompresa yake hubadili kasi kadiri ya joto), gesi ya kupozea R32, iko mwaka wa pili. Chumba ni mita 4 kwa 4, huku Nzuguni, na barabara ya mtaa bado ni ya vumbi. Mashine ya nje imefungwa ukuta wa magharibi. Siku hizi inachelewa kupoza. Fundi ameshauri mambo matatu: kuongeza gesi kila mwaka, kubadili kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kinachosaidia kuwasha) ya kompresa, yaani pampu ya gesi, na kuimwagia mashine ya nje maji kila mchana joto la Oktoba na Novemba likikolea. Kabla sijatoa hela naomba wenye ujuzi mnisaidie. Natanguliza shukrani.

FundiBaridi:
Mkuu, katika hayo matatu hakuna hata moja la kufanya leo.

Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na pasipovuja hubaki ileile maisha yote ya mashine. Ikipungua, jua pana tundu. Anayeongeza bila kuziba anakuuzia gesi ya miezi michache, na hapo katikati kompresa inaumia, kwa sababu gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza.

Kapasita: kompresa ya inveta haina kapasita ile ya kopo inayobadilishwa kwenye AC za kawaida. Inaendeshwa na bodi, yaani saketi ya umeme ndani ya mashine. Huyo fundi amekisia bila kufungua.

Maji: ya visima vya Dodoma mengi yana chumvi. Ukimwagia kila mchana yanakauka juu ya mapezi ya alumini (vibati vyembamba vya kutolea joto) na kuacha utando mweupe. Utando huo unazuia joto kutoka, na chumvi inaanza kula mapezi.

Anza na vumbi. Mapezi ya nje yakiziba, joto halitoki, shinikizo la gesi linapanda, kompresa inavuta ampia nyingi na mafuta yake yanaungua polepole. Zima breka na usubiri dakika 10, maana bodi ya inveta hubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Fungua kifuniko cha juu, funika bodi kwa nailoni. Kisha, na hapa ndipo wengi wanakosea, toa vumbi likiwa KAVU kwa brashi laini, ukifuata mapezi juu kwenda chini. Ukitanguliza maji, vumbi letu jekundu linageuka tope, linaingia katikati ya mapezi na kuganda humo. Likishatoka, suuza kwa mpira wa kawaida kutoka ndani kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze hapo, inalaza mapezi. Kiangazi fanya hivi kila miezi mitatu.

Filta za ndani: Juni hadi Novemba kila wiki mbili, mvua zikishaanza mara moja kwa mwezi inatosha. Pitisha maji kutokea upande ulio safi ili yasukume vumbi nje. Anika kivulini, jua linapinda fremu.

mama_Ilazo:
Sabuni ya unga inafaa kuoshea koili ya ndani (mabomba na mapezi yanayopoza hewa)?

FundiBaridi:
Hapana dada. Ile ni kali kwa alumini na mabaki yake yanashika vumbi upya. Tumia matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 5, kisha suuza vizuri. Usisahau ile feni ndefu ya ndani, uchafu wa kwenye mabawa yake unapunguza upepo kuliko watu wanavyodhani. Mwisho mimina nusu lita ya maji kwenye beseni la chini uone kama yanatoka nje bila kusita.

Voltimita:
Naongeza upande wa umeme, kwa sababu inveta nyingi zinakufa bodi wakati kompresa bado nzima. Pima volti saa 1 hadi saa 4 usiku, wakati mtaa mzima unatumia. Ukiona 210 hadi 240, stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) huihitaji. Kinachokufaa ni kifaa cha kulinda AC chenye uwezo wa ampia 20, kinachokata umeme ukishuka karibu na volti 185 au ukizidi 260, na kinachosubiri dakika 3 au zaidi umeme unaporudi. Volti zikishinda chini ya 190 kila jioni, hapo stabilaiza ina kazi.

Angalia na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini). Udongo wa Dodoma ukikauka haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo ethi iliyopimwa Februari inaweza kuwa dhaifu Oktoba. Ipimwe kiangazi. Na radi za mwanzo wa mvua zikianza, zima breka ya AC.

Mimi ningehamisha mashine ya nje kwenda kusini.

FundiBaridi:
Hapo sikubaliani nawe mkuu. Kuhamisha ni kufungua mabomba, kuyachanua upya (kupanua midomo yake) na kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu vyote vilivyo ndani), gharama na hatari zote hizo kwa ajili ya kivuli. Weka kijibati sentimita 60 juu yake, mbele pabaki wazi kabisa.

Zabibu, ukishasafisha, weka nyuzi 17 (kwa kipimo hiki tu, kila siku kaa kwenye 25), feni ya juu, subiri dakika 15. Pima hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12.

Zabibu_Nzuguni:
Nimesafisha pande zote. Inayoingia 30, inayotoka 25. Bomba jembamba nje lina barafu, na nati ya bomba nene ina mafuta yaliyoshika vumbi.

FundiBaridi:
Basi tundu umeliona. Gesi inatoka na mafuta ya kompresa, ndiyo maana vumbi limeganda pale. Hakikisha kwa povu la sabuni, lakini usikaze nati kwa nguvu, mdomo wa bomba utapasuka.

Mwambie fundi akusanye gesi iliyobaki, akate mdomo wa bomba, auchanue upya, kisha akaze kwa spana yenye kipimo: bomba la inchi 1/4 niutoni-mita 14 hadi 18, la inchi 3/8 niutoni-mita 34 hadi 42. Avute vakyumu hadi maikroni 500 (kipimo cha vakyumu), afunge pampu na kusubiri dakika 10. Kipimo kikipanda na kuendelea kupanda, bado panavuja. Asitoe hewa kwa kupuliza gesi, unyevu utabaki ndani. R32 inashika moto, kwa hiyo pasiwe na moto wala sigara karibu. Gesi mpya iingie kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Asiye na mizani wala pampu ya vakyumu usimfungulie geti.